Niliyemwandika kwenye riwaya yangu amejisoma

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni dada wa miaka 34, naishi Sinza hapa Dar es Salaam na ninafanya kazi ya uhasibu kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo. Sijaolewa. Kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikiandika riwaya ya kuchekesha kuhusu maisha ya mwanamke asiye na mume na mikasa ya wanaume aliokutana nao. Nimeiita "Kadi ya Singo", kwa sababu mhusika wangu anachangia harusi za watu mwaka mzima, na kila kamati inamwandikia singo bila hata kumuuliza kama atakuja na mtu. Mikasa iliyomo ni yangu mwenyewe. Nimeibadilisha kidogo tu.

Yumo yule aliyenialika chakula cha jioni Mikocheni, akaagiza kuku mzima wa kuchoma na ndizi, akala, akanawa, akatoka nje kupokea simu na hakurudi tena. Nililipa kwa mkopo wa simu, na mhudumu aliponiona natetemeka akanifungia mabaki nikale nyumbani.

Imo barua ya posa. Mshenga alielekezwa kwa mama yangu Korogwe, "nyumba yenye geti la bluu ukishapita msikiti". Mageti ya bluu yalikuwa mawili. Mama alikuwa jikoni na pilau tangu asubuhi, mashangazi wamevaa vitenge sare, baba mdogo ametoka Muheza. Mshenga akaingia kwa jirani. Jirani naye ana binti. Wakaipokea barua na leso yake na fedha zake, wakamkaribisha, akala, akashukuru, akaondoka. Sisi tulimwona kwa juu ya ukuta akinawa mikono, tukadhani ni mgeni wao. Jioni walipoifungua ndipo wakakuta jina langu. Barua ilirudi siku hiyohiyo. Fedha zikangoja mpaka wazee wakae kikao. Na aliyeposa akasema jambo lililoanza hivyo lina nuksi, akaliacha.

Halafu yumo huyu ambaye ndiye sababu ya kukuandikia.

Ana kigugumizi. Wakati ule alikuwa anaishi Kigamboni. Jioni moja nilimsindikiza mpaka Magogoni, tukawa katikati ya umati unaosubiri geti la pantoni lifunguliwe. Akanishika mkono akasema, "Naomba n... n... n..." Watu wanasukumana, mama mmoja ana ndoo ya samaki kichwani inanichuruzikia maji begani, nami subira ikaniisha. Nikasema, "Nauli?" Nikatoa sarafu ya mia mbili nikamtia kiganjani. Geti likafunguliwa, umati ukambeba. Nilimwona akiwa juu ya pantoni anaitazama ile sarafu. Usiku akaniandikia kwamba alichotaka kusema ni naomba nikuoe.

Hatukuoana. Nilimwomba muda, muda ukawa mrefu, akahamishiwa kazi Dodoma. Lakini kabla hatujaachana aliniambia jambo ambalo alisema hajamwambia mtu mwingine. Maneno yote mazito huyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha kabati, mlango umefungwa na redio iko juu, ili wapangaji wenzake wasisikie. Nikaliandika na hilo. Nikaandika kioo, nikaandika redio, na zile "n" nikazirefusha mistari mizima.

Nilikuwa natuma sura moja kila Ijumaa kwenye kundi la WhatsApp, msomaji analipa shilingi 500. Sura ya tisa, hiyo ya pantoni, ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Ilitoka nje ya kundi, watu wakaisoma kwa sauti wakijirekodi, wakaigiza. Jina lake nilikuwa nimelibadilisha, lakini niliacha Kigamboni, niliacha kazi yake, niliacha mpaka mashati yake ya drafti. Mwezi uliopita nikapata ujumbe wake: "Nimejisoma. Ofisini sasa wananiita Nauli. Nilikwambia wewe tu."

Sijamjibu. Kila nikianza kuandika nafuta.

Mama naye amesomewa sura ya posa na mtu wa mtaani kwake. Amenipigia akilia. Anasema, "Nani atakuja kuposa kwenye nyumba inayoandika wageni wake?" Anataka niache kabisa.

Na katikati ya hayo yote nimepata mchapishaji. Anaitaka riwaya, ila ana sharti. Mwishoni mwa kitabu changu msimulizi anapokea kadi nyingine ya mchango, safari hii analipa dabo kwa hiari yake na anakwenda harusini na mama yake. Mchapishaji anasema wasomaji wa kike hawatanunua kitabu cha mwanamke anayebaki mwenyewe, kwa hiyo sura ya mwisho iwe harusi ya msimulizi. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Shangazi, nifanyeje? Nikiitoa sura ya tisa kitabu kinakosa moyo wake. Nikiiacha namuumiza mtu ambaye hakunikosea. Na je, mama ana haki? Nimekuambatishia sura yenyewe uisome.

Mwenye Kadi ya Singo, Sinza

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kijana, kwa sababu mama na mchapishaji wanaweza kungoja hadi kesho. Yeye kesho asubuhi anaingia ofisini.

Kuandika mkasa wa pantoni hakukuwa kosa. Ulitokea mbele ya watu, na wewe ulikuwemo. Sarafu ilikuwa yako, bega lililochuruzikiwa maji ya samaki lilikuwa lako, na posa iliyopotea ilikuwa yako. Mwandishi ana haki ya kusimulia maisha yake, na maisha yake hayawezi kukosa watu wengine ndani. Kioo cha kabati ni jambo jingine kabisa. Pale hukuwepo. Ulifunguliwa mlango ambao alikuwa anaufungia hata wapangaji wenzake, ukafunguliwa kwa sababu alikuamini. Jambo la namna hiyo halikuwa lako, na kubadilisha jina la mhusika hakulifanyi liwe lako.

Nimeisoma sura uliyoniambatishia, nami nitakwambia nilipocheka na nilipoacha kucheka, maana nadhani huko ndiko liliko jibu la swali lako la uandishi. Nilicheka kwa sauti pale msimulizi aliposema "Nauli?" Nilicheka tena umati ulipombeba bwana na sarafu yake. Ni tukio zuri sana, na linachekesha kwa sababu msimulizi wako, ambaye tangu sura ya kwanza amekuwa akilalamika kwamba hakuna mwanamume wa kumposa, anaposwa na yeye mwenyewe anamkatiza mposaji kwa papara. Kicheko kinamwangukia yeye. Msomaji anamwona, anamwonea huruma, anajiona.

Kisha unaendelea. Nusu ukurasa mzima wa zile "n". Ukamfananisha na bodaboda inayogoma kuwaka. Ukaleta kioo, ukaleta redio. Hapo kicheko kimehama. Hakimcheki tena dada mwenye papara, kinamcheka mtu kwa ulimi aliopewa na Mungu. Na angalia watu walichookota katika sura nzima. Hawakuokota sarafu, wala mama wa samaki. Wameokota zile "n", wakazirekodi, wakazituma. Wewe ndiye uliyewapa.

Inakadiriwa kwamba katika kila watu wazima mia moja, mmoja hivi ana kigugumizi, na wengi wao ni wanaume. Kundi lako la WhatsApp likiwa na wasomaji mia tatu, wamo wachache waliolipa shilingi 500 zao, wakafika hapo, wakafunga simu. Wengine walilelewa na baba mwenye kigugumizi, au wana mtoto anayerudi shuleni analia kwa kuigizwa. Waislamu wanajua kwamba Nabii Musa aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, na Wakristo wamesoma katika Kutoka kwamba alijitetea mbele ya Mungu kuwa yeye si msemaji, ana ulimi mzito. Aliyetumwa kwa Farao alikuwa na shida hiyohiyo ya bwana wako wa Kigamboni.

Sasa, la kufanya. Mwandikie leo. Usimpigie, maana simu ni moja ya vitu vinavyowapa shida kubwa watu wengi wenye kigugumizi. Upande wa pili hakuna uso wa kumsubiri, na kimya kidogo tu mtu anasema "haloo? haloo?" Andika ujumbe mmoja. Usimweleze kwamba hadithi ni sanaa, usimwambie kwamba wasomaji wamempenda mhusika wake, na usimwombe akusamehe, kwa sababu hapo unampa kazi nyingine juu ya ile uliyompa tayari. Mimi ningeandika hivi: "Ulinieleza jambo la siri nami nikaliandika. Sikuwa na haki. Nimeiondoa sura hiyo kwenye kundi na nimewaomba watu waache kuisambaza. Haitachapwa kwenye kitabu bila wewe kusema ndiyo. Ukisema hapana haimo, na sitakuuliza sababu. Ukitaka kuisoma nikishaiandika upya, nitakutumia. Usipojibu, nitachukua kuwa umesema hapana."

Sentensi ya mwisho usiiache. Kimya chake kikiwa na maana ya ndiyo, utakuwa umemtega.

Na kabla hujautuma huo ujumbe, yafanye kweli hayo unayoyasema ndani yake. Ifute sura kundini kadiri unavyoweza. Waandikie wasomaji wako kwamba sura ya tisa umeiondoa na utaiandika upya, kwamba aliyenayo asiisambaze, na kwamba rekodi za kuigiza kigugumizi zinakuumiza wewe mwandishi. Usiwaambie kwamba kuna mtu amejitambua, maana wataanza kumtafuta. Yaliyokwisha kusambaa hayatarudi yote, hilo nalijua. Lakini watu wengi wanaoheshimu kazi yako watakusikia, na yeye huko Dodoma atajua kwamba kuna aliyesimama upande wake hadharani.

Halafu liko jambo ambalo hukuniuliza, ila najua mashoga zako watakwambia. Watasema huyu ndiye aliyekupenda kweli, panda basi uende Dodoma, hiyo ndiyo sura ya mwisho ya kitabu. Usiende. Mtu aliyeaibishwa kazini hahitaji kumwona mlangoni yule aliyemwaibisha, amekuja na mapenzi. Ukimwomba radhi, iwe radhi peke yake. Kama siku moja yeye mwenyewe ataanzisha mazungumzo mengine, mtazungumza kama watu wazima.

Tuseme amekubali. Basi sura iandike upya, na kigugumizi kitoe chote. Sikwambii hivyo kwa kumhurumia tu, nakwambia kwa sababu hukihitaji. Pale Magogoni una honi ya pantoni. Bwana anasema "Naomba n..." na pantoni inapiga honi ndefu, watu wanaanza kusukumana, naye msimulizi wako, ambaye hana subira hata ya kungoja honi imalizike, anajaza neno analolijua yeye. Sarafu inatoka. Geti linafunguka. Kila kilichochekesha kimebaki, na aliyekosea amebaki kuwa yule yule mwenye papara. Ondoa na mashati ya drafti, ondoa kazi yake, na uhamisho wa Dodoma usiutaje kokote. Watu hawamtambui mtu kwa jina, wanamtambua kwa vitu vitatu au vinne vilivyokaa pamoja. Ukibadilisha jina ukaviacha vile vinne, umemficha kwa wasiomjua na umemwacha wazi kwa wanaomjua, ambao ndio hasa wanaoweza kumuumiza.

Na akikataa? Sura inatoka yote, mwanangu, pamoja na sarafu na honi. Ofisini kwake wameshampa jina la Nauli, kwa hiyo hata ukiandika kwamba kilikuwa kivuko cha Busisi kule Mwanza, kabla ya daraja, na abiria alikuwa mzungu, sarafu ikitokea tu watamgeukia yeye. Unasema kitabu kitakosa moyo. Mimi nimesoma sura hiyo pamoja na muhtasari ulioniandikia, na naona moyo wa kitabu uko kwenye kadi. Mwanamke anayechangia harusi za wenzake mwaka mzima, anakaa kwenye vikao vya kamati, anavishwa sare, anasubiri zamu yake ya kupakua, na hakuna anayemuuliza kama ana mtu wa kuja naye. Hilo halijaandikwa vya kutosha kwa Kiswahili. Riwaya pendwa nilizokua nazo mimi zilijaa wapelelezi na majambazi, na mwanamke asiye na mume akitokea humo alikuwa wa kumpoteza shujaa njia baa, au wa kukutwa ameuawa kitandani. Hakupewa nafasi ya kuwa mhasibu anayetetemeka mbele ya bili ya kuku. Nakitaka kitabu chako kitoke. Ndiyo maana nakuwa mkali.

Hao wengine je? Wa kuku mwache alipo. Hakukwambia siri yoyote, alikula akaondoka, na kicheko anastahili. Mtoe tu Mikocheni, umbadilishie chakula na kazi. Wala usimwonee aibu. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, aliimba visa vya kweli vya mjini Unguja na wasikilizaji walijua vizuri nani anasemwa. Lakini sikiliza alikuwa anamsema nani. Aliwasema waliodhulumu na mahakama iliyowaacha, naye alikuwa binti wa watu wasio na kitu anayewasemea wasio na kitu. Huko ndiko kijembe kinakostahili kuelekezwa. Anayekula jasho la mwenzake anaweza kukistahimili. Anayejifungia na kioo hawezi.

Kuhusu sheria nitapita haraka, ila usiipuuze. Katiba yetu ibara ya 18 inakupa uhuru wa kutoa mawazo yako, na ibara ya 16 inampa yeye heshima na hifadhi ya maisha yake binafsi. Zote mbili zinakuhusu. Na mtu hahitaji kutajwa jina ili adai amekashifiwa. Inatosha wanaomfahamu wamtambue. Kuandika ukurasani kwamba "wahusika wote ni wa kubuni" hakukulindi kama wasomaji wanaweza kunyoosha kidole. Kabla kitabu hakijaenda kwa mpiga chapa, mlipe wakili asome mswada wote, na umweleze kwa ukweli nani ni nani.

Mama sasa. Umeniuliza kama ana haki. Ana haki ya kuumia. Yeye ndiye aliyepika lile pilau. Wewe ulirudi Sinza, yeye amebaki Korogwe akipishana na jirani wa geti la bluu kila asubuhi, na jambo lililokuwa limezikwa umelifukua na kulituma kwenye simu za watu, halafu akalisikia kutoka kwa mtu wa mtaani kabla ya kulisikia kwako. Nadhani hilo la mwisho ndilo limemliza zaidi kuliko la mchumba. Mwanamke wa makamo yake akipata habari za nyumba yake kutoka nje, anajiona amedharauliwa.

Nenda Korogwe Jumamosi. Msalimie, pika wewe, na mkishakula mwombe akusikilize. Msomee sura ya posa wewe mwenyewe, kwa sauti, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nina hakika ziko sehemu atakurekebisha, kwamba baba mdogo hakutoka Muheza bali Maramba, kwamba leso haikuwa nyeupe. Andika anayosema. Akisema kitu fulani kuhusu jirani kitoke, kitoe, hasa kinachomhusu yule binti, maana naye aliamka siku ile akiambiwa ameposwa na jioni akaambiwa hakuwa yeye. Hakuna aliyemfikiria huyo, mwanangu. Wewe mwandishi mfikirie. Kisha msomee mama sura ya mwisho, ile ya dabo. Sijui kama kuna aliyemwambia kwamba katika kitabu hicho binti anapokea kadi ya watu wawili na kiti cha pili anampa mama yake.

Lakini kuacha kuandika ili wachumba waje, hapo simkubalii mama, na mwambie Shangazi amesema kwa heshima zote. Mwanamume atakayekukimbia kwa sababu unaandika angekukimbia kwa jambo jingine baada ya kutoa mahari, na hapo gharama ingekuwa kubwa zaidi kwa kila mtu. Mwenye kukufaa atauliza swali moja tu, kama na yeye utamwandika. Na baada ya sura ya tisa utakuwa na jibu zuri la kumpa, utamwambia kwamba anachokwambia mlango ukiwa umefungwa hakitoki nje.

Nimefika kwa mchapishaji, na hapa nina hasira kidogo. Anasema wanawake hawatanunua kitabu cha mwanamke anayebaki mwenyewe. Waliokuwa wanalipa shilingi 500 kila Ijumaa walikuwa nani? Mwambie hivyo, na umpelekee orodha ya malipo yako ya simu tangu sura ya kwanza. Wewe ni mhasibu, ipange vizuri, na mfiche namba za watu. Ni ushahidi ambao mwandishi mchanga kwa kawaida hana, na mfanyabiashara ataelewa tarakimu kuliko hoja.

Harusi kwenye riwaya si dhambi. Kama tangu mwanzo ungekuwa unamwandika dada anayesogea kuelekea kwa mtu fulani, ningesema waoane. Lakini wewe umeandika kitabu kinachouliza kwa nini kamati zinamwandikia mtu singo bila kumuuliza. Ukimwoza kwenye kurasa kumi za mwisho na bwana ambaye msomaji hajamjua, unakuwa umekubaliana na kamati. Msomaji wa miaka 40 ambaye hajaolewa, na amecheka nawe kitabu kizima, atakifunga akiwa ameachwa peke yake stendi. Mwisho wako wa dabo ni bora, na haumfungii msimulizi mlango wa kuolewa kesho kama atapenda. Ninachoona kimepungua ni kwamba hatuoni kinachotokea ukumbini. Nataka kumwona mama akikaguliwa kadi mlangoni, MC akiwauliza kama ni wa upande wa bwana au wa bibi harusi, na meza waliyopangiwa. Huenda mchapishaji anachokitaka ni ukumbi, vigelegele na chakula, naye anadhani vyote hivyo haviji bila pete. Mwandikie ukumbi huo urefu wa sura nzima, umpelekee, uone atasemaje.

Mkataba usiusaini hadi mambo haya yawe yameandikwa humo. Nani ana kauli ya mwisho juu ya mabadiliko ya hadithi. Mrabaha wako, yaani fungu lako la mauzo, ni asilimia ngapi, na unahesabiwa kwenye bei ya kitabu dukani au kwenye anachobakiwa nacho mchapishaji, maana tofauti yake ni kubwa. Haki ya kutuma sura kwa simu inabaki kwako au inaondoka. Haki ya filamu na tamthilia usiiachie ndani ya sentensi moja iliyojificha. Ukumbuke pia kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakutambua kama mwenye kazi tangu ulipoiandika, na inakupa haki ya kupinga kazi yako kupotoshwa. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanapokea usajili, ukaweke nakala yako huko wiki hii kabla mswada haujazunguka zaidi.

Kuhusu mwisho wa mwezi, hiyo tarehe ni yake, si yako. Mwambie unahitaji muda mpaka sura ya tisa ipate jibu, na kama haiwezi kuwemo, uandike nyingine mahali pake. Usimweleze sababu zaidi ya kwamba kuna ruhusa unayoisubiri. Mchapishaji makini ataielewa sentensi hiyo mara moja, na akishindwa kuielewa, utakuwa umejua jambo la maana kuhusu mtu uliyetaka kumkabidhi kitabu.

Mimi Shangazi yako